Walimuasili Mwanza wakamleta Joburg: niliyoyaona nikiwa kinyozi wao

Wakuu, habari za mihangaiko.

Leo nina jambo la kusimulia, na nalisimulia lilivyokuwa. Wale wenzangu wa kuandika "chai" kwenye kila uzi, leo birika halipo jikoni. Nilikuwepo mwenyewe, na mashine ya kunyolea ilikuwa mkononi mwangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wako hai na Kiswahili wanakisoma vizuri kuliko baadhi yenu humu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kuanzia 2015 mpaka 2019 nilikuwa Johannesburg, kinyozi, mtaa wa Turffontein, karibu na kiwanja cha mbio za farasi.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Nusu yangu, nusu ya dada mmoja Mkongo wa Lubumbashi, msusi. Yeye akisuka anaimba mapambio, mimi nikinyoa naweka taarab, basi tunashindana kelele mpaka jioni. Wateja walikuwa wananiita Bra Tanga, yaani kaka wa Tanga.

Sasa siku moja mwaka 2016 nikasikia nyuma yangu, "Kaka, habari ya kazi? Mtapenda kutupokea na sisi?"

Kiswahili cha Kanda ya Ziwa kabisa, kile cha kuvuta maneno taratibu. Nikageuka kumtafuta Msukuma mwenzetu. Msukuma hayupo! Amesimama mama wa Kisotho, mzaliwa wa Soweto, kamshika mkono mtoto wa kike wa kama miaka sita hivi, kichwa kimenyolewa kipara.

Nilicheka mpaka nikazima mashine. Nikamwambia, "Mama, wewe umetumwa kunipima imani?"

Huyo ndiye Dineo. Mume wake, Thabo, alikuwa fundi mitambo mgodini huko kwetu, wakakaa Tanzania miaka kadhaa. Hawakujaliwa mtoto. Jumapili walikuwa wanakwenda kusaidia kwenye kituo kimoja cha watoto Mwanza, na huko ndiko walikomkuta Kabula. Wakafuata sheria, ustawi wa jamii, mahakama, kila kitu. Mkataba wa Thabo ulipoisha wakarudi kwao na binti yao.

Tusidanganyane wakuu. Sisi tukisikia neno adoption tunaona picha ya uwanja wa ndege, mtoto kapewa puto, watu wanalia kwa furaha, basi, mambo yameisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Mtoto kapata baba na mama, ugali upo, shule ipo, sasa shida ya nini tena?

Kwa Dineo na Thabo shida zilianza baada ya zile picha.

Kabula alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Akiingia saluni anamkumbatia kila mtu. Wateja wangu, mijitu ya kutisha yenye minyororo ya shingoni, anawapanda mapajani. Kila mwanamke kwake ni "mama". Yule msusi Mkongo, mama. Muuza kiduka cha kona, wenyewe wanakiita spaza, mama. Mpita njia, mama.

Sisi tunapiga makofi, "Aisee mtoto hana makuu huyu!"

Dineo hakupiga makofi. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, usifurahie. Ukimwambia twende, ataondoka na wewe sasa hivi na hatageuka nyuma. Kwake mimi bado ni mmoja tu wa wale akina mama wa zamu wa kituoni."

Kwetu Tanga mtoto wa umri ule akiona mgeni anajificha kwenye kanga ya mama yake, nawe unamuona ana adabu mbovu. Kumbe kule kujificha ni kwa sababu anajua kanga ya kujifichia ni ipi.

Dineo alikuwa na kazi nzuri ya ofisini, akaiacha. Ndugu wakasema amerogwa na mtoto. Akawa anashinda naye, anampeleka shule, anamsubiri, anarudi naye. Hata akienda chooni anamwambia, "Naingia, natoka sasa hivi," halafu kweli anatoka. Kazi yake ikawa hiyo, kuaga na kurudi, kuaga na kurudi, miezi na miezi.

Chakula nacho. Ugali haukuwa tatizo, maana pap yao ni ugali wetu uliobadilishiwa jina. Ila Kabula alikuwa anatafuta dagaa. Dineo akawa anakwenda mpaka sokoni Yeoville kwa akina mama wa Kikongo, wao wanaita ndagala, anarudi na mfuko, nyumba nzima inanuka. Thabo alinilalamikia akiwa kwenye kiti, "Bra, nimekimbia dagaa Mwanza, wamenifuata kwa ndege!" Lakini nilikuwa nasikia kwenye sauti yake kwamba anajisifu.

Shuleni ndiko kulikouma. Mnajua wenyewe Joburg ya miaka ile, mgeni alivyokuwa anaitwa majina. Sasa hebu fikiria, wazazi ni wenyeji damu, mtoto anaitwa kwerekwere. Wazazi wenzao getini wanamuuliza Dineo, "Watoto yatima wamejaa hapa kwetu, mpaka mkaagize nje?"

Dineo alikuwa na jibu moja tu: "Sikwenda kutafuta yatima. Nilimkuta Kabula."

Mimi ningekuwa na majibu mengine, na ningefukuzwa hiyo shule mimi na mtoto. Yule mama nilimvulia kofia.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nyumbani kwa akina Thabo, Soweto. Mama yake Thabo, bibi mzee sana, alimpenda Kabula tangu siku ya kwanza. Walikuwa wanakaa kibarazani wanachambua maharage, huyu anaongea Kisotho, huyu Kiswahili, na wanaelewana. Ila dada mkubwa wa Thabo, eish!

Kwa Wasotho shangazi ni mtu mzito. Ndoa, msiba, jina la mtoto, kila jambo linapita kwake. Na Shangazi huyu alikuwa mama mkubwa wa mwili, sauti kama ya mwadhini asiyehitaji kipaza. Hakumtesa Kabula wala kumtukana. Alikuwa tu anamwita "mtoto wa Dineo". Sikukuu akigawa zawadi kwa watoto wa ukoo, anamaliza, kisha anasema, "Na huyu wa Dineo naye apewe."

Hiyo "na huyu" ilikuwa inamkata Dineo maini. Miaka miwili mizima.

Sasa kuhusu nywele. Kabula alipofika alikuwa kipara, halafu zikaota, na tangu hapo hakukubali zikatwe. Akiona nawasha mashine anahamia upande wa msusi. Tulidhani anaogopa mlio, watoto wengi wako hivyo. Dineo akajifunza kumsuka, mwanzoni anamsuka mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, Mkongo wetu anacheka mpaka anakaa chini. Baadaye akaiva.

Mwaka 2018 yule bibi akafariki.

Thabo akaja saluni macho mekundu. Akanieleza kwamba kwao, baada ya maziko, wafiwa wa karibu wananyolewa. Shangazi ndiye anayeanza kwa wembe mpya, kidogo tu juu ya paji, kisha mwingine anamalizia. Nywele zinakusanywa pamoja na kuzikwa. Ukoo ni mkubwa, akaniomba nikamalizie kwa mashine.

Nikamwambia, "Kaka, hilo halina maombi."

Jumapili asubuhi, siku ya pili baada ya maziko, nikafika Soweto na mkoba wangu. Uani wamepanga viti. Shangazi kavaa nguo nyeusi, beseni la maji miguuni. Wazee wakaanza, kisha Thabo, kisha Dineo akakaa. Shangazi akapitisha wembe wake, nikashika mashine nikaanza upande wa kushoto.

Hapo Shangazi akageuka, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Baada ya Dineo mleteni Kabula. Naye ni mtoto wetu, naye amefiwa."

Wakuu, mkono wangu ulisimama. Nilihisi kichwa cha Dineo kinatetemeka chini ya vidole vyangu. Alikuwa analia, na kilikuwa kilio cha mtu aliyepewa kitu alichokwisha kukata tamaa nacho. Thabo, kipara kinang'aa, akatazama juu kama anayezuia machozi yasimwage heshima yake.

Kabula alikuwa amekaa kwenye ngazi na watoto wengine. Akasikia. Kisotho alishakijua vizuri. Akanyanyuka taratibu, akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa amevaa viatu na soksi. Mgongoni kabeba begi lake la shule, limetuna. Nguo ya kulalia inachungulia kwenye zipu.

Akaanza kwa mzee wa kwanza. Akapiga goti, akampa mkono, akasema kwa Kiswahili, "Asante kwa kunilea. Mungu akubariki."

Akaenda kwa wa pili. Goti, mkono, "Asante kwa kunilea. Mungu akubariki."

Kwa mume wa jirani. Kwa wapishi. Kwa mjomba aliyekuja jana tu. Watu wanatabasamu, maana hawajui anasema nini, wanaona mtoto mwenye heshima. Shangazi mwenyewe akasema, "Mnaona malezi hayo?"

Mimi nilikuwa naelewa kila neno, lakini kichwa changu kilikuwa hakijafika. Dineo alifika kabla yangu. Alinyanyuka kitini nywele nusu zimenyolewa na nusu zimesimama, akapiga magoti mbele ya yule mtoto.

"Kabula, unakwenda wapi?"

"Kwa watu wengine."

"Nani amekuambia?"

Kabula akamtazama kama anayeulizwa jambo la wazi. "Si nanyolewa."

Dineo akashika kifua.

Alinieleza baadaye, lakini pale pale nilianza kuelewa. Kule kituoni mtoto mpya akifika ananyolewa, mapunye na chawa visiingie kwa wenzake. Anayeondoka naye ananyolewa, aende kwa watu akiwa msafi. Wanafundishwa na maneno ya kuaga. Hakuna ubaya hapo, walezi wachache, watoto wengi, walikuwa wanajitahidi. Ila Kabula alikuwa ameingia pale akanyolewa. Akachukuliwa na familia moja, akanyolewa. Familia ikamrudisha, akanyolewa. Dineo na Thabo walipokuja kumchukua walimkuta kipara kinang'aa kwa mafuta.

Kila aliponyolewa, alihama. Na sasa bibi aliyempenda kafa, watu wanalia, na mashine imetolewa kwenye mkoba. Kwa hesabu yake, zamu yake hapa ilikuwa imekwisha.

Kilichonivunja moyo ni kwamba hakulia. Alifunga mizigo yake, akaaga vizuri, akawa tayari.

Dineo akasimama. Akamwambia Shangazi, "Wifi, nakushukuru sana. Lakini huyu hanyolewi leo."

Shangazi akaruka. "Hanyolewi? Miaka yote unanililia kwamba simtambui. Leo namtambua mbele ya ukoo, unamkataa? Asiponyolewa watu watasema si wetu!"

Na alikuwa na haki ya kukasirika, tuseme ukweli. Alikuwa amejishusha mbele ya watu.

Dineo alijibu polepole, midomo inamcheza. "Waseme si wenu, wifi. Nitavumilia. Lakini siwezi kumwacha aamini kwamba si wangu."

Thabo akaja, akalivua begi mgongoni kwa Kabula, akaliingiza ndani mwenyewe. Akarudi akamwambia dada yake, "Mama yetu naye angesema hivyo hivyo." Shangazi akageuza uso.

Nilimalizia kichwa cha Dineo pale chini, akiwa kampakata Kabula. Huo ndio unyoaji mgumu kuliko wote niliowahi kufanya, na nimeshanyoa walevi.

Chakula cha msiba Shangazi hakula na akina Thabo. Kwa wiki kadhaa hakukanyaga kwa akina Thabo Turffontein wala kupokea simu. Ukoo ukagawanyika, wengine wakasema Dineo amemdharau marehemu. Kile alichokisubiri miaka miwili alikitema mwenyewe ndani ya dakika moja, na hakuna hata siku moja niliyomsikia akijuta.

Aliniambia kwamba kila asubuhi Kabula alikuwa anamshika kichwa chake kinachoota vinywele na kuuliza, "Mama, unaondoka lini?"

"Siondoki."

"Na baba?"

"Baba anakwenda kazini, jioni anarudi."

Jioni mtoto anasimama dirishani. Baba kipara anarudi. Kesho tena anarudi. Kabula akawa anachunguza vichwa vyao kama daktari. Dineo hakumsukuma, hakumhubiria, hakumwambia tena neno kuhusu wembe. Mimi nilimwambia mara moja, "Dada, si umweleze tu yaishe?" Akacheka. "Kaka, nimeeleza siku ile ile. Maneno amesikia mengi tangu azaliwe. Sasa mwache aone."

Siku moja Kabula mwenyewe akaomba simu. Akampigia Shangazi. Dineo alikuwa jikoni, akasikia binti yake anasema kwa Kisotho, "Shangazi, njoo uninyoe. Bibi yangu amefariki."

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Shangazi akafika saluni kwangu, nguo nyeusi, anahema kwa kupanda ngazi. Nikawahi mashine. Akanikata jicho. "Bra Tanga, weka hicho kitu chini. Hapa hakuna kazi ya kinyozi."

Nikaweka. Nikazima na taarab. Mkongo naye akaacha mapambio.

Shangazi akafungua wembe mpya mbele ya macho ya Kabula, akaloweka nywele kwa sabuni, akaanza. Mama mwenye mikono mikubwa vile, lakini alikuwa anapitisha wembe kwa upole hata mimi nikaona wivu wa kazi. Kabula kashika ubao wa kiti kwa mikono miwili, macho kayafumba.

Katikati akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Mama, leo nalala wapi?"

Dineo akachuchumaa mbele yake. "Nyumbani. Kitandani kwako. Na kesho hapo hapo."

"Anasemaje?" Shangazi akauliza. Dineo akamtafsiria.

Shangazi akausimamisha wembe hewani. Akapangusa uso kwa kiwiko, akapangusa tena. Kisha akasema kwa Kisotho, na ile sauti yake ikagoma kutoka sawasawa, "Mwambieni huyu mtoto, akitaka kuhama atahamia kwangu. Ijumaa jioni. Na Jumapili nitamrudisha, maana anakula sana."

Kabula akafumbua macho akacheka. Mara ya kwanza tangu akae kile kiti.

Alipomaliza, nikachukua ufagio nifagie kama kawaida yangu. Shangazi akanizuia kwa mkono. Akainama mwenyewe na mwili ule, akaokota nywele zote sakafuni, fungu kwa fungu, akazifunga kwenye leso yake.

Akasema, "Hizi zinakwenda kuzikwa na zetu."

Wakuu, nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Sasa tuje kwenye somo. Mimi sina mtoto wa kuasili, sijipi ualimu. Ila tangu siku ile nikisikia mtu anasema "si umempa chakula na shule, anataka nini tena", nanyamaza tu, maana najua hajaona. Watu hawa walilea mtoto aliyekuwa tayari kuaga muda wowote, wakawa wanamsubiri aache. Kule kusubiri ndiko nilikowavulia kofia, na Shangazi naye namvulia, maana kumeza hasira ya mbele za watu si kazi ya kitoto.

Mwenye kejeli za "mbona hawakuzaa wao", pita kimyakimya, mlango uko wazi.

Walioasili, wanaofikiria kuasili, karibuni mseme. Lakini zaidi ya wote ningependa kukusikia wewe uliyelelewa kituoni ukapelekwa nyumba mpya: ni kitu gani walichokufanyia kwa mapenzi, wewe ukaanza kufunga begi?